Dakika Mia Mbili

Kila Juni huko Marekani, kamishna wa NBA, ligi kuu ya mpira wa vikapu, hupanda jukwaani na kusoma majina. Timu zilizoburura mkia msimu uliotangulia ndizo huwa na nafasi kubwa ya kuchagua mwanzo. Kijana akisikia jina lake husimama, humkumbatia mamake, huvaa kofia ya timu ambayo pengine hajawahi kufika mji wake, na papo hapo kila mtu anajua kaenda wapi. Wenyewe huiita drafti. Nairobi hatuna usiku kama huo. Hapa mchezaji huchaguliwa kando ya uwanja wa saruji, katika michezo ya shule za upili ya muhula wa kwanza, jua la Machi likichoma, kocha wa klabu akiwa amemvuta mwalimu wa michezo pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, yule mrefu yuko kidato cha ngapi?"

Nimelisikia swali hilo miaka mingi kwa kuwa kazi yangu hunikalisha karibu na wanaoliuliza. Mimi huketi mezani, kando ya mtunza saa na yule wa sekunde 24, nikiandika karatasi ya mechi. Nimeandika kwenye viwanja vya shule, YMCA, Strathmore, na ndani ya ukumbi wa Nyayo ambako nimeona ligi ya taifa ikichezwa mbele ya watu wanaojuana kwa majina. Malipo yake si ya kujengea nyumba. Lakini sijui kiti kingine uwanjani ambacho mtu anaweza kukikalia na kuona, msimu baada ya msimu, timu inamfanyia nini kijana baada ya kumchagua.

Karatasi yenyewe ni ileile ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, inayotumika sehemu nyingi duniani. Kila timu ina majina yasiyozidi 12, na mbele ya kila jina pana kisanduku. Mchezaji akianza mechi, namwandikia X na kuitia duara. Akiingia baadaye, namwandikia X ndogo isiyo na duara. Robo ya kwanza na ya tatu tunatumia wino mwekundu. Ya pili na ya nne, wino wa buluu au mweusi. Asiyeingia kabisa, kisanduku chake hubaki kitupu hadi refa mkuu anapotia sahihi, na akishatia hakuna wa kubadilisha.

Sasa piga hesabu. Mechi ni robo nne za dakika 10. Watu watano wakikaa uwanjani dakika 40, timu ina dakika 200 za kugawa. Hata klabu iwe na fedha kiasi gani, haiwezi kununua ya 201, labda mechi iende muda wa ziada. Klabu inaweza kusema lolote kuhusu kukuza vipaji, ikaandika kwenye mabango na kwenye fulana. Ukitaka kujua ukweli wake, angalia imewapa wachezaji wa miaka 18 na 19 dakika ngapi kati ya hizo 200. Hiyo ndiyo imani niliyofika nayo baada ya karatasi nyingi, na sijaona msimu wa kunifanya niiache.

Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja nikiwa mwanafunzi wa chuo, kwenye uwanja wa YMCA ulio karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Nilikuwa nimekulia Riruta, nimecheza shuleni bila sifa ya kusimuliwa, na nilitaka kubaki karibu na mchezo. Yeye hakunifundisha tu namna ya kuandika faulo. Mechi ikiisha, mashabiki wakishaondoka, angefunika sehemu ya pointi kwa kiganja na kunisukumia karatasi. "Aliyeshinda nimemwona. Nisomee waliocheza." Nami ningesoma: namba 4, duara. Namba 5, duara. Namba 9, X ya buluu. Namba 13, tupu. Namba 15, tupu. Angeniuliza namba 15 ana umri gani, na kama sijui, angenituma nikamwulize mwenyewe kabla hajapanda matatu. Ndivyo nilivyoanza kuwajua vijana wa visanduku vitupu.

Wengi wao walitoka upande wetu wa jiji. Magharibi mwa Nairobi pana shule zenye viwanja vya maana: Nairobi School pale Waiyaki Way, Lenana ukifuata barabara ya Ngong, Dagoretti High mbele zaidi, na ukikaribia katikati ya jiji kuna Upper Hill, jina zito katika mpira wa vikapu wa shule kwa muda mrefu. Katikati ya shule hizo ndipo ilipo mitaa yetu, Kawangware, Kangemi, Riruta, Waithaka, ambako uwanja ni mmoja kwa maelfu ya vijana, pete haina wavu na saruji imepasuka. Kijana wa Kawangware aliyepata nafasi katika shule yenye uwanja mzuri huwa na miaka kadhaa ya kujifunza. Asiyepata huja kuonekana akiwa na miaka 17 kwa sababu amerefuka ghafla.

Na urefu ndio unaotazamwa kwanza. Siwalaumu makocha kwa hilo. Pete iko mita 3.05 kutoka chini kwa kila mtu, na hakuna zoezi la kumrefusha mfupi. Ninachopinga ni kuishia hapo. Baada ya swali la kidato huja swali la alama, kwa sababu Kenya timu huwa na mambo mawili tu ya kumpa kijana: masomo au kazi. Strathmore, USIU, Zetech na vyuo vingine vinaweza kumpa ufadhili wa karo. Ulinzi ni timu ya jeshi, KPA ni ya bandari ya Mombasa, Equity ni ya benki. Huko mchezaji anaweza kutarajia ajira. Ili asomee shahada anahitaji C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Nimeona kocha akifunga daftari lake polepole baada ya kuambiwa kwamba mlinzi bora wa mashindano anatarajiwa kupata D. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye pia ndiye kocha wa shule yake, aliniambia amekuwa akiwafundisha wachezaji wake hesabu baada ya mazoezi, wakiwa bado na jasho, kwa kuwa ameelewa kwamba alama moja ya mtihani ina uzito zaidi ya pointi 20 katika fainali. Kama kuna mtu anayestahili kuitwa mlezi wa vipaji jijini, ni mwalimu wa namna hiyo, na hakuna karatasi ya mechi yenye nafasi ya kuandika jina lake.

Nitawaeleza habari za vijana wawili, bila majina yao wala ya timu zao.

Wa kwanza alitoka Kawangware. Mrefu, karibu mita mbili, mikono mirefu zaidi. Alikuwa ameanza mchezo kidato cha tatu. Timu tatu zilimtaka, na iliyompata ilikuwa ile yenye jina kubwa kuliko zote. Mtaa ulifurahi. Nilienda kwao jioni moja kumpelekea nyanyake nakala ya picha ya timu iliyotoka gazetini. Nilimkuta akichambua maharagwe mlangoni.

"Shosho, habari ya jioni?"

"Nzuri, mwalimu. Chukua kiti." Mtu yeyote aliyehusika na mpira wa mjukuu wake alikuwa mwalimu. Aliitazama picha kwa muda, akaifuta kwa kanga, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna kocha aliyekuwa amemwuliza yeye: "Hapo wanapompeleka, anakula saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mazoezi yalianza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa mbili. Kutoka hapo kijana alitembea hadi katikati ya jiji kutafuta matatu ya 46, na mvua ikinyesha nauli ilipanda. Alifika nyumbani saa nne, akala kilichobaki, akalala. Asubuhi alikuwa na kibarua. Mwili unaorefuka, magoti yakimuuma, ukafanyishwa kazi mchana na mazoezi usiku kwa sahani moja ya chakula: shosho aliliona tatizo kabla ya mtaalamu yeyote wa michezo.

Msimu ukaanza. Nilikuwa nikiliandika jina lake kwenye karatasi mapema, kwa mwandiko mzuri, halafu kisanduku kinabaki kitupu. Mechi ya tatu, tupu. Ya saba, tupu. Siku moja timu yake ikiongoza kwa zaidi ya pointi 30, dakika mbili zimebaki, kocha akamwita. Aliingia, akafanya faulo mbili upesi upesi, akatolewa. X ya buluu, ya kwanza na, kwa msimu huo, ya mwisho.

Ninamwelewa yule kocha, ingawa sikubaliani naye. Mwajiri wake alitaka kombe, na kombe huletwa na wachezaji wa miaka 28. Kijana anayejifunza hupoteza mpira, hukimbilia mahali pasipo pake, hufanya faulo tatu ndani ya robo moja. Kila kosa lake linaonekana na jina la kocha ndilo linalozomewa. Ukimweka benchi hakuna anayekuzomea. Hasara yake haionekani jioni ile, huonekana baada ya miaka miwili, na kufikia hapo kocha mwenyewe pengine yuko timu nyingine.

Kijana huyo alishuka hadi timu ya daraja la chini. Huko hapakuwa na basi wala sare mpya, lakini walimhitaji, kwa hiyo alicheza dakika 25, wakati mwingine 30. Baada ya misimu miwili alikuwa mchezaji ambaye timu yake ya kwanza ingemlilia. Mikono ilikuwa ileile, na urefu uleule. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa amekosea mara nyingi, hadharani, na kesho yake akapewa nafasi ya kurudia.

Wa pili alikuwa mfupi. Wa Kangemi, mpiga pasi, mwenye kasi na macho ya kuona mbali, aliyepata ufadhili wa chuo. Kocha wake alifanya jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kila mechi, bila kujali matokeo, robo ya pili ilipoanza kijana huyo aliingia. Dakika nne, halafu nje. Wiki baada ya wiki nilimwandikia X ya buluu mahali palepale. Timu ikiwa mbele, dakika nne. Timu ikiwa nyuma kwa pointi 12 na wanafunzi wenzake wakipiga kelele wakubwa warudishwe, dakika nne.

Nilimwuliza kocha siku moja tukisubiri taa za ukumbi ziwashwe. Alinieleza kwamba mwanzoni mwa robo ya pili wapinzani nao huwa wanapumzisha wakubwa wao, kwa hiyo kijana hukutana na watu wa kiwango chake. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelirudia kwa kila kocha anayenisikiliza. "Hataki kutolewa kwa kosa. Nikimtoa kila akikosea, ataanza kunitazama mimi badala ya kutazama uwanja. Sasa anajua anatoka dakika ya nne, afunge au asifunge. Basi anacheza."

Msimu wa pili dakika nne zikawa nane. Wa tatu, siku moja, kabla ya mechi, kocha alinipa orodha ya wanaoanza, na jina la kijana wa Kangemi likawa la kwanza. Nilichukua kalamu nyekundu na kutia duara. Nilifurahi kuliko siku nyingi nilizoandika fainali.

Kuna watu husema Kenya tukipata drafti kama ya Marekani matatizo haya yataisha. Mimi huwakumbusha habari za Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam alianza mpira wa vikapu akiwa na miaka 15. Akaenda Marekani, akacheza chuo cha Connecticut, akawa mzuiaji wa kuogopwa kwa urefu wake wa mita 2.21, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika nchi nzima. Wa tatu mwaka huo alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, Memphis walimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya kukuzia wachezaji. Hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi hicho na kuteremshwa huko kabla yake.

Hapa kwetu wapo wanaolisimulia hilo kwa kicheko, na hunikera. Mtu aliyeshika mpira akiwa na miaka 15 alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya Marekani kabla ya kufika miaka 23. Ukuaji wa aina hiyo ni wa ajabu. Kosa ni kudhani kwamba kuchaguliwa wa pili kulimaanisha amekwisha kukomaa. Nafasi ya pili ni ahadi ya klabu kwa kijana angalau kama ilivyo ahadi ya kijana kwa klabu. Na hata hivyo Memphis walikuwa na mahali pa kumpeleka akacheze. Kijana wa Nairobi akikosa dakika katika klabu yake, mara nyingi hukosa zote, kwa kuwa klabu chache sana zina timu ya pili.

Ninapotaka mfano wa ngazi iliyojengwa vizuri, hutazama Kampala. Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda, alichelewa kuanza mchezo huu. Alichukuliwa na chuo cha mafunzo cha NBA kilichoko Saly, Senegal, na kupitia mpango wa BAL, ligi ya klabu za Afrika, ulioipa kila klabu kijana mmoja wa chuo hicho, alivaa jezi za klabu tofauti za Afrika, ikiwemo City Oilers ya Kampala, kabla hajamaliza masomo ya sekondari. Akiwa na miaka 17 alikuwa na timu ya taifa ya Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Akaenda Duke mwaka mmoja, na katika drafti ya 2025 alichaguliwa wa kumi. Mara nyingi katika safari hiyo alikuwa mdogo kuliko wote uwanjani, na wapo watu wazima waliokubali kumsubiri.

Kwa wasichana, mfano wetu uko karibu zaidi. Madina Okot alisoma Kaya Tiwi huko Kwale, akachezea chuo cha Zetech hapa, kisha akaenda Mississippi State na baadaye South Carolina, mojawapo ya timu zenye nguvu kuliko zote katika mpira wa vikapu wa wanawake wa vyuo Marekani. Watu humtazama na kuona urefu. Mimi huona kwamba shule ya Pwani ilimpa uwanja na chuo cha hapa kikampa darasa na ligi ya watu wazima kwa wakati mmoja, na kwamba kabla ya Marekani kumjua tayari alikuwa amecheza dhidi ya wanawake waliokomaa wa KPA na Equity.

Lakini kwa kila msichana anayefika, nimeona wengi waliopotea kwa sababu ambayo haihusiani na kipaji. Mazoezi yanaisha usiku. Mzazi wa Kangemi hatamruhusu bintiye wa miaka 17 kushuka stejini saa tatu na nusu usiku peke yake, na ana haki. Timu moja ya wanawake ninayoijua ilitatua jambo hili kwa njia rahisi. Nahodha aliandika orodha ya nani anaishi wapi, wakubwa wakachanga kila wiki kwa M-Pesa, wakapatana na dereva mmoja wa matatu awe akiwasubiri nje ya ukumbi, na mchezaji mkubwa mmoja akapewa jukumu la kushuka mwisho. Hapakuwa na mfadhili. Mwaka ule hawakupoteza msichana hata mmoja katikati ya msimu. Nimesoma mipango mingi ya kukuza vipaji yenye michoro na maneno mazito, na sijaona uliofanya kazi kushinda ule wa dereva wa matatu.

Mazoezi yenyewe nayo yana siri chache kuliko watu wanavyodhani. Mrefu aliyechelewa kuanza anahitaji miguu kabla ya kitu kingine. Kocha mmoja wa shule huwapa vijana wake zoezi lenye jina la George Mikan, jitu la Minneapolis la miaka ya 1940 na 1950: simama chini ya pete, funga kwa mkono wa kulia, daka mpira kabla haujagusa chini, funga kwa wa kushoto, tena, tena. Mwezi wa kwanza kijana huonekana kama anapigana na nyuki. Mwezi wa nne mikono yote miwili inajua kazi. Linahitaji mpira mmoja, pete moja na mtu mzima wa kusimama pale bila kuchoka. Mtu mzima huyo ndiye adimu.

Uhaba huo taifa zima limeulipia. Mwaka 1993 AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, ilichezwa hapahapa Nairobi na Kenya ikamaliza ya nne. Baada ya hapo hatukuonekana tena kwenye mashindano hayo hadi 2021, mwaka ambao Tylor Ongwae alifunga katika sekunde za mwisho dhidi ya Angola huko Yaoundé, 74 kwa 73, chini ya kocha Liz Mills. Nililia siku ile, kama wengi. Lakini miaka 28 ni mingi mno. Katika miaka hiyo vijana warefu hawakukoma kuzaliwa Kenya. Waliendelea kuzaliwa, wakachaguliwa kando ya viwanja vya saruji, wakakalishwa benchi.

Sasa kuna fedha kidogo. Kampuni ya Twende Sports ilipoichukua klabu ya Nairobi City Thunder mwaka 2023, wachezaji walianza kupata mikataba ya kulipwa na siku zilizopangwa kama za watu ambao kazi yao ni mpira. Walitwaa ligi, wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa BAL, wakacheza Kigali Mei 2025. Nimeona mabadiliko hata mezani: watu wengi ukumbini, watoto wakiwa na jezi, wakiuliza majina ya wachezaji wa hapa na si wa Los Angeles. Ninawatakia mema kwa moyo wote. Hofu yangu ni moja. Klabu yenye fedha inaweza kununua mchezaji aliyekomaa kila mara inapohitaji, kutoka timu nyingine au nchi nyingine, na isihisi maumivu ya kisanduku kitupu. Wapinzani nao, wakitaka kuifikia, watafanya vivyo hivyo. Tukifika hapo tutakuwa na ligi nzuri ya kutazama na hakuna mtoto wa Kawangware ndani yake. Ningependa shirikisho liweke sharti, hata dogo: kila timu ya ligi kuu iwe na wachezaji wawili wa chini ya miaka 20 kwenye karatasi, na wote wawili wawe wameingia kabla ya mapumziko. Klabu zitalalamika msimu wa kwanza. Msimu wa tatu zitakuwa zinagombania vijana hao.

Muhula wa kwanza wa mwaka huu kocha wa klabu moja alinipata kwenye mashindano ya shule upande wa Dagoretti. Alikuwa ameshamwona aliyemtaka, kijana wa kidato cha nne, mabega mapana, mkono wa kushoto mzuri kuliko wa kulia. Alitaka nimsaidie kuzungumza na familia kwa kuwa naijua mitaa. Nilimwambia nitafanya hivyo akinijibu mambo matatu kwanza: kijana atakula wapi siku za mazoezi, nani atalipa nauli yake mvua ikinyesha, na atacheza dakika ngapi kila mechi kabla ya Agosti, zitajwe kwa idadi, hata zikiwa tatu. Alicheka, akasema sijawahi kuwa mkali hivyo. Wiki iliyofuata alinipigia simu. La chakula amelimaliza na mama mwenye kibanda karibu na uwanja, klabu italipa mwisho wa mwezi. La nauli limeingia kwenye bajeti. La dakika anasema hawezi kujifunga, inategemea mechi. Nimemwambia basi na mimi kwenda kwa mamake kijana kutategemea. Ameomba tuonane tena Jumamosi, kabla ya mechi ya kwanza.